Kibofu kisichobana: kidonge kinafika wapi, na mpira wa kutolea mkojo unaanzia wapi?

Barua za mwezi huu nyingi zilizunguka jambo moja: mkojo hautoki wote, kuna dawa? Tumechukua saba. Majina tumeyafupisha.

Hamjambo wahariri. Nina miaka 68, sukari ninayo mwaka wa kumi na tano. Haja ndogo naenda mara tatu tu kwa siku, nasimama sana, mkojo unakatika katika, na nikishafunga suruali unadondoka tena. Utrasaundi baada ya kukojoa imeandikwa sm 10 kwa 9 kwa 8. Kijana wangu yuko Marekani, anasema huko kuna kidonge cha bethanekoli cha kukipa kibofu nguvu, atanitumia. Dawa zangu ni metformini, amitriptilini miligramu 25 usiku kwa ajili ya miguu kuwaka moto, na Piriton nikiwashwa. Nikinywe? (Mzee B., Tanga)

Shikamoo mzee. Tuanze na hizo namba tatu, maana mara nyingi mgonjwa huandikiwa vipimo akaachiwa hesabu. Zidisha 10 kwa 9 kwa 8, kisha zidisha kwa 0.52. Unapata karibu mililita 374. Huo ndio mkojo uliobaki ukidhani umemaliza. Kibofu kizima cha mtu mzima hubakiza chini ya mililita 50. Ikizidi 100 kila unapopimwa, kuna jambo la kufuatilia. Ikipita 300 kwa miezi, mkojo umetuama. Lakini hakikisha kipimo kilifanyika ndani ya dakika kumi baada ya kukojoa, na hukunyweshwa lita nzima ukasubirishwa kwenye benchi hadi tumbo likauma. Kibofu kilichojazwa kupita kiasi hakimalizi hata kwa kijana wa miaka ishirini.

Sukari ya miaka mingi hula kwanza neva za kuhisi. Kibofu kinajaa na ubongo haupati habari, ndiyo maana unakwenda mara tatu tu. Kila siku msuli unavutwa zaidi ya kipimo chake, na baada ya miaka unakuwa kama mpira wa suruali ya zamani: upo, lakini haurudi. Ndipo neva za kubana nazo zinapofifia.

Sasa bethanekoli. Ni dawa ya zamani, imetumika tangu miaka ya 1940. Neva zinazotoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, nayo ikigusa vipokezi vya M3 kwenye msuli wa kibofu, msuli unabana. Bethanekoli inaiga kemikali hiyo. Kwa maelezo haya ingepaswa kumaliza tatizo, na wagonjwa wengi wamenunua maelezo haya. Ila vipokezi hivyo hivyo vipo tumboni, kwenye tezi za mate, kwenye jasho, kwenye mapafu, na ndugu zake vipo kwenye moyo. Dawa haina anwani ya kibofu. Zaidi ya hapo, kukojoa kunataka mpangilio: msuli wote ubane kwa pamoja, kwa muda wa kutosha, na mlango wa chini ufunguke wakati huo huo. Kidonge kinakaza ukuta kidogo kidogo kila mahali, hakileti mbano mmoja wenye nguvu, na mlango hakiufungui. Ndiyo maana ushahidi wake, kwa miaka yote hiyo, umebaki dhaifu.

Wanaoandikiwa hupewa miligramu 10 hadi 50, mara tatu au nne kwa siku, tumbo likiwa tupu: saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Ukimeza na ugali unaweza kutapika. Inaanza kazi kati ya nusu saa na saa moja na nusu, na nguvu yake ni ya muda mfupi, basi anayeitumia ajipange kwenda chooni ndani ya kipindi hicho. Kumeza na kwenda sokoni ni kuipoteza. Haimfai mwenye pumu, vidonda vya tumbo, mapigo ya moyo ya polepole, ugonjwa wa mishipa ya moyo, kifafa, ugonjwa wa Parkinson, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Haimfai kabisa ambaye njia ya mkojo imezibwa na tezi dume au kovu, kwa kuwa utakuwa unasukuma maji kwenye bomba lililofungwa na shinikizo litarudi kwenye figo.

Kwako wewe, mzee, tungeiweka ya mwisho kwenye foleni. Ya kwanza ni kuangalia unachomeza tayari. Amitriptilini hufunga vile vile vipokezi vya M3 ambavyo kijana wako anataka kuvifungua. Piriton nayo, ambayo ndani yake ni klofeniramini, inafanya vivyo hivyo. Kumeza hizo mbili na bethanekoli juu yake ni kukanyaga breki na mafuta kwa wakati mmoja, na kwa bahati mbaya mchanganyiko huo tunauona kwenye karatasi za dawa mara kwa mara. Usiache amitriptilini ghafla. Mwambie daktari wako aipunguze kwa wiki chache, na kwa miguu inayowaka kuna gabapentini, ambayo dozi yake hupangwa kwa kuangalia kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo. Piriton ibadilishe na loratadini. Metformini haikosani na kibofu, ila ikitumika miaka mingi hushusha vitamini B12, na upungufu huo nao huharibu neva. Omba ipimwe.

Pamoja na hayo, kojoa kwa saa, usingoje kuhisi. Kila saa tatu mchana, keti kwenye choo cha kukaa au kiti chenye ndoo, inama mbele kidogo, maliza. Simama, tembea dakika mbili tatu, keti tena ujaribu mara ya pili. Nunua jagi lenye alama za mililita, uandike kiasi unachotoa kwa siku tatu. Wiki nne baadaye rudia utrasaundi, safari hii na figo zitazamwe, na kreatinini ipimwe. Mabaki yakiwa bado juu ya 300, au figo zimejaa maji, hatua inayofuata ni mpira wa kujiwekea mwenyewe. Jibu la mwisho kwenye ukurasa huu linaeleza namna yake. Na ukipata homa yenye maumivu ya mgongo, au mkojo ukigoma kabisa, usingoje hizo wiki nne.

Babu hatoi mkojo vizuri. Dukani tukapewa Lasix tukaambiwa ni dawa ya kukojoa. Anaenda chooni sana lakini tumbo la chini limevimba zaidi. (N., Morogoro)

Acheni leo, isipokuwa kama daktari aliiandika kwa ajili ya moyo au uvimbe wa miguu. Hapo murudi kwake leo hii hii. Furosemidi, ambayo ndiyo Lasix, inaambia figo zitengeneze mkojo mwingi. Kibofu haikigusi. Mmeongeza maji kwenye ndoo ambayo tundu lake limeziba, na anachotoa mara kwa mara ni kile kinachofurika. Bia, chai ya mitishamba ya kukojoza na nywele za mahindi ziko kundi hilo hilo. Tumbo la chini lililovimba na gumu linataka mpira wa mkojo hospitalini. Baada ya kutolewa mkojo mwingi wa siku nyingi, figo huweza kumwaga maji kupita kiasi. Ikipita mililita 200 kwa saa kwa saa mbili mfululizo, anatakiwa kubaki wodini akiangaliwa maji na chumvi za mwili. Wengine huruhusiwa mapema mno, wakaanguka nyumbani.

Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 61. Niliambiwa ni tezi dume, nikapewa tamsulosini. Miezi mitatu imeisha, mkojo bado ni mwembamba. Kipimo cha mkondo kimeonyesha mililita 6 kwa sekunde. Niongeze dozi, au nikubali upasuaji? (Mwl. K., Nakuru)

Mwalimu, namba hiyo ya 6 inasema mkojo unatoka polepole. Haisemi kwa nini. Bomba jembamba na pampu dhaifu hutoa mkondo ule ule, na hapa ndipo wanaume wengi wa umri wako wanapopotezwa: kila mkondo mwembamba unaitwa tezi dume. Kwanza hakikisha ulipopimwa ulitoa angalau mililita 150. Chini ya hapo kipimo hakina maana.

Kinachotenganisha mambo haya mawili ni kipimo cha shinikizo, ambapo mrija mwembamba unaingizwa kwenye kibofu na mwingine kwenye njia ya haja kubwa, kibofu kinajazwa polepole, kisha unakojoa huku shinikizo likisomwa. Mashine hiyo haiko kila hospitali, basi piga simu kabla ya kupanda gari. Ukiipata, hesabu yenyewe unaiweza. Chukua shinikizo la msuli wakati mkondo uko juu kabisa, kwa sentimita za maji. Nguvu ya kibofu ni shinikizo hilo kujumlisha mkondo mara tano. Chini ya 100 ni dhaifu. Kuziba ni shinikizo kutoa mkondo mara mbili. Juu ya 40 njia imeziba, chini ya 20 iko wazi, katikati ni mashaka. Tuseme shinikizo ni 90 na mkondo wako ni 6. Nguvu ni 120, kuziba ni 78: kibofu kinapigana na tezi, na upasuaji utakusaidia. Sasa tuseme shinikizo ni 25 na mkondo ni 6 ile ile. Nguvu ni 55, kuziba ni 13. Tezi haina kosa, pampu imechoka, na kuikata tezi huenda kusibadilishe kitu. Fomula hizi ni za wanaume tu.

Tamsulosini haikipi kibofu nguvu. Inalegeza msuli wa shingo ya kibofu na wa tezi dume, ili nguvu kidogo iliyopo itoshe. Kwa sababu hiyo hata mwenye kibofu dhaifu huweza kupata nafuu, na kwa maoni yetu ndiyo dawa ya kujaribu kabla ya bethanekoli kwa mwanaume yeyote. Lakini uliimezaje? Ni miligramu 0.4 mara moja kwa siku, nusu saa baada ya mlo ule ule kila siku, na haitafunwi wala kufunguliwa. Kwenye tumbo tupu inapanda haraka kwenye damu na kukuletea kizunguzungu. Wiki nne zinatosha kujua kama inasaidia. Ukiwa umeitumia hivyo kwa miezi mitatu bila nafuu, kuongeza dozi kutakuongezea kizunguzungu kuliko mkondo.

Alfuzosini ya miligramu 10 ni ya kundi hilo, nayo humezwa baada ya kula. Doksazosini ni nafuu ya bei lakini ina masharti: unaanza na miligramu 1 wakati wa kulala na kupanda taratibu kila wiki moja au mbili. Ukikosa dozi siku kadhaa, anza tena na 1. Wazee wengi huanguka bafuni usiku kwa kurudia na ile ya 4. Zote zinaweza kufanya manii yasitoke nje wakati wa tendo. Hayo si madhara ya hatari. La muhimu zaidi: ukitaka kutolewa mtoto wa jicho, mwambie daktari wa macho kwamba unatumia au uliwahi kutumia tamsulosini. Dawa hii hulegeza mboni na kumharibia upasuaji asipojiandaa.

Finasteridi miligramu 5 ni jambo lingine. Hupunguza ukubwa wa tezi, huchukua miezi sita, na inafaa tu tezi ikiwa kubwa kweli. Hushusha PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, kwa karibu nusu, hivyo atakayesoma majibu ajue unaitumia, la sivyo saratani inaweza kujificha nyuma ya namba nzuri.

Mwaka 2004 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kuunganisha dawa ya kulegeza mlango na ya kubana kibofu kwa wagonjwa wenye kibofu dhaifu, na mchanganyiko ulifanya vizuri kuliko kila dawa peke yake. Ni wazo lenye mantiki, ila lifanyike kwa mtu aliyekwisha kupimwa shinikizo, si kwa kubahatisha.

Niko na miaka 34, naendesha lori Mombasa mpaka Kampala. Usiku natafuna miraa. Siku hizi nasimama dakika nzima ndio mkojo uanze. Nilikuwa na homa ya mafua pia nikanunua vidonge. Kibofu kimekufa? (Dereva, Meru)

Hakijafa, kaka. Kimefungiwa mlango. Kathinoni iliyo ndani ya miraa mbichi huachilia noradrenalini, nayo hukaza shingo ya kibofu. Kupungua kwa mkondo wa mkojo kwa watafunaji kumepimwa, na dawa za kundi la tamsulosini huondoa athari hiyo, jambo linaloonyesha kwamba kasoro iko mlangoni. Vidonge vingi vya mafua vina vitu viwili: kimoja cha kufungua pua, ambacho hukaza mlango ule ule, na klofeniramini, ambayo hulegeza msuli wa kibofu. Umeweka tatu pamoja.

Usianze tamsulosini kwa sababu ya miraa. Kizunguzungu kwenye usukani wa lori ni hatari kuliko mkojo. Acha vidonge vya mafua, pumzika miraa wiki mbili, na simamisha gari kila saa tatu. Kubana mkojo saa saba kati ya mizani na mizani, miaka kumi, ndiko kunakoharibu msuli wa kweli. Hali isipobadilika baada ya wiki hizo mbili, nenda upimwe mabaki na sukari. Lakini miguu ikiwa mizito na sehemu unayokalia imekufa ganzi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Neva za mgongo zinabanwa, na saa zina thamani.

Ninaishi Hamburg. Mama yangu yuko Unguja, ana miaka 74, kibofu hakimalizi mkojo. Hapa kuna distigmini. Nikimtumia boksi moja, atumie vipi? Na kuna dawa mpya? (F., Ujerumani)

Usimtumie, dada. Tunajua mkono wako uko mbali na moyo uko kwa mama, lakini hii ndiyo dawa katika kundi hili tunayoiogopa zaidi.

Bethanekoli inaiga asetilikolini. Distigmini inazuia kimeng'enya kinachoivunja, kwa hiyo asetilikolini inarundikana mwili mzima na kukaa muda mrefu. Kimeng'enya hicho ndicho kinachozuiliwa na viuatilifu vya kunyunyizia mboga, vya kundi la ogano-fosfeti. Mhudumu yeyote wa kituo cha afya anayepokea wakulima waliovuta dawa ya shambani anaijua picha yake: mboni ndogo kama ncha ya sindano, mate na jasho kumwagika, kuhara, mapigo ya moyo kushuka, kifua kujaa majimaji, pumzi kukatika. Mgonjwa wa distigmini anayezidiwa huja na picha hiyo hiyo, na dawa yake ni atropini ya mshipa. Japani, ambako imetumika sana, dozi ya wagonjwa wa kibofu iliwekewa kikomo cha miligramu 5 kwa siku mwaka 2010 kwa sababu ya matukio haya. Hatari ni kubwa zaidi katika wiki mbili za mwanzo, kwa wazee na kwa wenye figo dhaifu. Mama wa miaka 74 ambaye mkojo umemtuama huenda ana yote mawili, na kreatinini yake hujaitaja.

Akiwa ameandikiwa na daktari aliye karibu naye, amepimwa figo na moyo, na kuna mtu nyumbani wa kumtazama macho na mate kila asubuhi, hapo ni mazungumzo mengine. Bora zaidi umgharamie utrasaundi na kreatinini, na umwombe mtu amwage dawa zake zote mezani azisome moja moja. Kwa wanawake wa umri wake tunakuta sana Buscopan ya tumbo, dawa za kikohozi zenye kodini, tramadoli ya magoti, na oksibutinini aliyoandikiwa kwa sababu "mkojo unamtoka". Mkojo unaomtoka mtu ambaye kibofu kimejaa ni wa kufurika. Oksibutinini inazidi kukilegeza. Aangaliwe pia kama kizazi au kibofu kimeshuka ukeni na kukunja njia.

Uliuliza pia kama kuna dawa mpya. Kampuni ya Astellas ya Japani ilitengeneza moja yenye namba ASP8302, iliyokusudiwa kuamsha M3 kwa ustadi zaidi. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa, haikupunguza mabaki ya mkojo kuliko kidonge kisicho na dawa.

Nilijifungua siku tisa zilizopita, uchungu ulikuwa mrefu. Nilikaa siku nzima bila kukojoa, wakanitoa lita moja na robo kwa mpira. Wameutoa mpira mara mbili, kila mara nabakiza mililita 400. Muuguzi mmoja ametaja sindano ya neostigmini. Ninanyonyesha. (Mama Z., Dodoma)

Hongera kwa mtoto, na pole. Sindano hiyo ikatae kwa heshima. Neostigmini ni jamaa ya distigmini: husokota tumbo, hushusha mapigo ya moyo, na wataalamu wa ganzi huitoa pamoja na atropini, ambayo kwa kibofu inafuta kile kile ulichotaka. Bethanekoli nayo haifai kwa anayenyonyesha.

Msuli wako haujafa, umevutwa. Lita moja na robo ni karibu mara tatu ya inachobeba kibofu kwa raha, na msuli uliovutwa hivyo unahitaji kukaa mtupu. Kosa lililofanyika ni kutoa mpira mapema, kibofu kikajaa tena na kuvutwa tena. Baada ya kuzidi lita moja, sisi huacha mpira wiki moja hadi mbili, au mama hufundishwa kujitoa mkojo kila saa nne. Kisha unatolewa asubuhi, si jioni wakati hakuna wa kukupima, na ndani ya saa nne hadi sita uwe umekojoa na mabaki yapimwe. Yakiwa chini ya 150, umevuka. Wengi huvuka.

Kwa maumivu tumia parasetamoli gramu 1 kila saa sita, na ibuprofeni miligramu 400 kila saa nane baada ya chakula kama figo na tumbo viko salama. Kodini na tramadoli usiguse: zinamfikia mtoto kwenye maziwa, zinalaza kibofu, na zinafunga choo, nacho choo kilichojaa kinakibana kibofu kwa nyuma. Buscopan pia iache.

Jambo moja la kutofautisha: mkojo ukivuja muda wote, usiku na mchana, hata mpira ukiwa ndani, hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Sema mapema. Tundu dogo lililogunduliwa siku za kwanza huweza kuziba lenyewe mpira ukiachwa wiki nne hadi sita. Likikawia, CCBRT ya Dar es Salaam ni kati ya hospitali zinazolishona.

Baba ana miaka 55, TB ya uti wa mgongo ilimshika pingili ya kwanza ya kiuno. Anatembea sasa, ila mkojo tunamsaidia kwa kumkandamiza tumbo. Tumeambiwa ajifunze mpira, yeye anataka vidonge. (Binti, Mbeya)

Kwanza acheni kumkandamiza. Mkojo unaosukumwa kwa mkono hauendi chini peke yake; unapanda pia kwenye figo.

Kuhusu vidonge, mwambie baba kwamba pale TB iliposhika ndipo neva za kubana kibofu zinapoanzia. Neva zikikatika, kidonge hakina pa kushika. Na kwa walioumia juu zaidi ya hapo ni hatari hasa: kibofu chao hubana kwa nguvu huku mlango ukijifunga, na dawa ya kuongeza mbano huwaharibia figo.

Kujitoa mkojo kwa mpira safi, bila vifaa vilivyochemshwa kitaalamu, kulianzishwa na Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1972. Alichogundua ni kwamba kinacholeta maambukizi ni kibofu kukaa kimejaa zaidi kuliko vijidudu vichache vinavyoingia na mpira. Ndiyo maana kuruka zamu ni kosa kubwa kuliko kutokuwa na glavu.

Nunueni mpira wa Nelaton namba 12 au 14, na jeli ya maji. Vaselini hapana; haiyeyuki na inaozesha mpira. Baba anawe mikono kwa sabuni, aoshe kichwa cha uume, akaushe. Apake jeli sentimita 10 za mwanzo, na ziada asiionee choyo, kwani ukavu ndio unaochubua na kuacha kovu. Ashike uume ukiwa umesimama kuelekea kitovuni, aingize taratibu. Kwenye sentimita 16 hivi atakuta kizuizi: huo ni msuli wa kufunga. Asisukume kwa nguvu. Avute pumzi, akohoe kidogo, aendelee na mgandamizo mwepesi. Mkojo ukitoka, karibu sentimita 20, aongeze mbili tatu zaidi. Ukikoma, autoe polepole, na akisimama njiani kila mkojo unaporudi, kwa kuwa mabaki hukaa chini ya tundu la mpira.

Mara nne hadi sita kwa siku, na kiasi kisizidi mililita 500. Kikizidi, ongezeni mara moja, msipunguze maji ya kunywa chini ya lita moja na nusu. Jioni tu ndiyo apunguze, saa mbili kabla ya kulala. Kifurushi kitasema mpira ni wa mara moja. Kwa asiyemudu, auoshe mara moja baada ya kutumia kwa maji ya sabuni, apitishe maji ndani, aukung'ute, autundike ukauke na kuuweka kwenye kopo safi lenye mfuniko. Abadilishe kila wiki, au mapema ukikakamaa.

Mkojo ukipimwa, mara nyingi utaonyesha bakteria. Bila homa, maumivu au damu asipewe antibayotiki, hata kama mtu wa maabara ameweka alama tatu za kujumlisha.